Tairi la A/T: soma ubavu kabla ya kutazama kashata

Nenda mahali wanapokusanyika wenye magari ya 4x4, uliza swali moja tu: tairi gani zuri? Kisha kaa pembeni usikilize. Mmoja atakwambia A/T, na kwake mjadala umekwisha. Mwingine atacheka: A/T ni la kwendea kazini, dereva wa porini anafunga M/T, tairi la tope. Wa tatu ataapa kwa plai 10 zake, yaani matabaka ya tairi, ambazo hazijui pancha. Wa nne, ambaye gari lake linaijua lami peke yake, atakuonyesha maandishi meupe ubavuni. Watabishana mpaka jua lizame, na kumbe kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Vurugu hii inaanzia kwenye jina lenyewe. A/T maana yake ni tairi la ardhi zote, lakini herufi hizo si kipimo. Hakuna mtihani ambao tairi linaufanya na kufaulu ndipo liruhusiwe kuitwa A/T. Kampuni inalitengeneza, inalitazama, inalibatiza. Ndiyo maana utakuta A/T moja ni tairi la lami lililochongwa mabega kidogo ili lionekane kali, na A/T jingine ni tairi la tope lililofunzwa adabu. Yote mawili yana herufi zilezile, na yote mawili yanauzwa kwa picha ya gari lililosimama juu ya jabali.

Yaliyopimwa yapo, ila yameandikwa kwa maandishi madogo pale ubavuni, mahali ambapo watu hawainami kusoma.

Kwanza tukubaliane maneno. Kashata ni vile vipande vya mpira vilivyosimama juu ya uso wa tairi, vinavyokanyaga ardhi. Zikiisha, tairi limekuwa kipara. Nafasi zilizo katikati ya kashata nitaziita mifereji. Juu ya kila kashata kuna mikato myembamba kama imepitishwa wembe, nayo nitaiita chale. Bega ni ile kona ambapo uso wa tairi unageuka kuwa ubavu. Basi, hayo yanatosha kuendea.

Sasa makundi. H/T ni tairi la barabarani: kashata zimebanana, mifereji myembamba, chale nyingi. M/T ni tairi la tope: kashata kubwa zilizoachana, mifereji mipana inayoweza kumeza kidole, chale chache au hakuna kabisa. A/T limekaa katikati. Siku hizi kuna na R/T, ambalo limejipenyeza kati ya A/T na M/T kwa ajili ya mtu anayependa sura ya M/T lakini hataki kelele zake zote. A/T si jambo geni. BFGoodrich walitoa Radial All-Terrain T/A mwaka 1976, na tangu hapo karibu kila kampuni ina lake.

Kwa nini liwe katikati, lisiwe bora kila mahali? Kwa sababu kila ardhi inataka kitu chake, na matakwa hayo yanagombana.

Kwenye lami kavu tairi linashika kwa kulaza mpira juu ya lami. Mpira mwingi ukigusa chini, mshiko unakuwa mwingi. Kashata ndefu zilizoachana zinagusa kidogo, tena zinayumba unapokata kona, kama mtu anayejaribu kukimbia na viatu vya visigino virefu. Lami ikilowa, maji lazima yatoke kati ya mpira na barabara: mifereji inayabeba mengi, chale zinafuta ule utando mwembamba unaobaki. Hapa ndipo M/T linapoaibika. Mifereji linayo, lakini mpira unaogusa ni mchache na chale halina, kwa hiyo gari linachelewa kusimama. Ukiongeza kwamba kashata za A/T na M/T nyingi zimetengenezwa kwa mpira mgumu unaostahimili kukatwa na mawe, utaelewa kwa nini mwenye A/T hapaswi kulisogelea gari la mbele wakati wa mvua kama alivyozoea na H/T.

Na kabla hatujatoka kwenye breki: 4x4 haikusaidii kusimama. Kila gari, hata lile dogo kabisa, linafunga breki magurudumu manne. Nguvu ya injini kwenda magurudumu yote inakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya tairi.

Tope linataka kinyume cha lami. Tairi linapaswa kung'ata, kuchota, kisha kutema kile lilichochota kabla gurudumu halijamaliza mzunguko. Neno zito hapo ni kutema. Mifereji ikijaa udongo wa mfinyanzi na ikashindwa kujisafisha, una tairi kipara hata kama limetoka dukani jana. H/T hujaa mara moja. A/T la wastani hujisafisha kwenye tope jepesi na kuchoka kwenye lile la mfinyanzi. M/T ndilo lililozaliwa kwa kazi hiyo.

Mchanga nao una tabia yake, na huwaumbua wengi. Mchangani hutaki kung'ata, ukichimba umejizika. Tazama mguu wa ngamia: mpana, laini, unatandazika. Kisha tazama kwato za mbuzi: ngumu, ndogo, za kupandia mawe. M/T lililojaa upepo ni kwato za mbuzi juu ya mchanga. Ndiyo maana mara nyingine mwenye A/T la kashata za wastani, aliyepunguza upepo, anapita akimpungia mkono mwenye M/T aliyezama mpaka kwenye ekseli.

Halafu kuna changarawe na mawe, ambayo kwa madereva wengi ndiyo safari nyingi za nje ya lami. Hapa adui ni kukatwa. Jiwe lenye ncha linanyofoa vipande vya kashata, au linachana ubavu, na ubavu ukichanika hakuna kiraka cha kuaminika. Jiwe dogo likikwama mferejini, kila mzunguko linasukumwa ndani kidogo, kama msumari unaogongwa taratibu. A/T nzuri zina vinundu vidogo chini ya mifereji vya kuyarudisha mawe nje. Viangalie unaponunua. Hata hivyo beba bisibisi. Baada ya safari ya kokoto, kuyachokoa mawe yaliyobaki ni kazi ya dakika 10 tu.

Mshika mbili, moja humponyoka. A/T ni tairi lililokubali kuponyokwa kidogo kila upande ili lisikose upande wowote kabisa. Ukilinunua ukijua hivyo, mtaelewana.

Kupiga goti

Chukua tochi, piga goti karibu na gurudumu, futa vumbi ubavuni. Tuseme umekuta 265/65R17 112S, ukubwa unaopatikana kwenye magari mengi ya 4x4 na pikapu.

265 ni upana wa tairi kwa milimita, ubavu hadi ubavu. 65 ni kimo cha ubavu, ila si milimita: ni asilimia ya ule upana. Asilimia 65 ya 265 ni kama milimita 172. R ni radial, yaani nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na karibu matairi yote ya magari haya ni hivyo siku hizi. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mpaka hapo watu wengi wanajua.

Wanaporuka ni 112S, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kusoma kwa sauti. 112 ni namba ya mzigo. Si kilo 112. Ni namba inayokwenda kwenye jedwali linalotumika dunia nzima, na humo 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. 113 ni kilo 1,150, na 116 ni kilo 1,250. S ni mwendo: tairi limeidhinishwa hadi kilomita 180 kwa saa. Q ni 160, R ni 170, T ni 190, H ni 210. A/T na M/T nyingi nzito zina herufi za chini kama Q, R au S, na hilo si kasoro, ni tabia ya mpira mzito unaopata joto upesi.

Sharti la kwanza la kuchagua A/T, kabla ya sura na kabla ya jina, ni hili: namba ya mzigo isishuke chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari. Utaikuta kwenye kitabu cha gari, au kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva pamoja na presha ya upepo. Gari tupu halitakuambia kitu. Litakuambia siku umepakia watu saba, mizigo juu ya paa na madumu nyuma, kwenye joto, kwenye mwendo.

Ukiendelea kuzunguka ubavu utakuta herufi DOT na mlolongo wa alama. Tarakimu 4 za mwisho ni tarehe ya kuzaliwa: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Michelin, kwa mfano, wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya kutumika, na lisivuke miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata bado zinang'aa. Kwa hiyo muuzaji akikupunguzia bei kwa ukarimu usioeleweka, inama usome tarakimu hizo.

M+S maana yake ni tope na theluji, na mtengenezaji anaweza kuiandika kwa kutazama tu mpangilio wa kashata. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake ndiyo iliyopatikana baada ya tairi kujaribiwa juu ya theluji. Anayeishi kwenye baridi aitafute hiyo ya pili. Asiyeiona theluji asilipie chochote kwa ajili yake.

Plai 10 hazipo 10

Sasa turudi kwa yule ndugu wa plai 10, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Zamani tairi lilijengwa kwa matabaka ya nyuzi za pamba, na ulikuwa ukitaka tairi lenye nguvu unaongeza matabaka. Tairi la plai 10 lilikuwa na matabaka 10 kweli. Leo nyuzi ni imara zaidi, na tairi linaloitwa plai 10 mara nyingi lina tabaka 2 au 3 tu ubavuni. Namba imebaki kama cheo: linabeba kama lile la zamani la matabaka 10. Ubavuni utaona herufi badala yake, C ikiwa sawa na plai 6, D plai 8, E plai 10. Matabaka halisi yameandikwa pia, kwa maandishi madogo zaidi, yakionyesha mangapi yapo usoni na mangapi ubavuni. Ukitaka kujua kama ubavu una matabaka 3, soma hapo, usiulize.

Matairi haya mazito yana herufi LT mbele ya ukubwa, yakiwa yamekusudiwa malori madogo. LT265/70R17 la daraja E linaweza kuandikwa 121/118, yaani kilo 1,450 likiwa peke yake, na kilo 1,320 pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja wa ekseli. Unaona 1,450 unafurahi. Lakini uzito huo linaubeba likiwa limejazwa kama psi 80 (psi ni kipimo cha presha ya upepo). Kwa presha ileile, tuseme psi 35, tairi la LT linabeba pungufu ya tairi la kawaida la ukubwa huohuo. Mtu akifunga LT na kuendelea kujaza upepo wa kibandiko cha zamani, amelifanya tairi lake lenye nguvu kuwa dhaifu: linajikunja kupita kiasi, linapata joto, na mwenyewe anajisifu ana plai 10. Ukihamia LT, muulize muuzaji jedwali la presha na mzigo la tairi hilo na ulifuate.

Na ukishalijaza ipasavyo, kiti kitakupa habari. Niliwahi kufunga daraja E kwenye gari ambalo kwa wiki nzima lilikuwa linabeba mimi na begi moja. Kila kiungio cha daraja nilikihesabu kwa kiuno. Matairi hayo yana uzito wa kilo kadhaa zaidi kwa kila gurudumu, na uzito huo unazunguka, unapanda na kushuka pamoja na ekseli. Shokapu zinaujua, breki zinaujua, na tangi la mafuta linaujua. Mwenye mizigo mizito au njia za mawe makali anakipata alicholipia. Mimi nilikuwa nimelipia ubishi wa kijiweni.

Upana na upepo

Wengi huamini tairi pana ndilo linaloshika. Hilo lina ukweli nusu. Tairi pana linasaidia juu ya ardhi laini usiyotaka kuzama. Kwenye tope jepesi lililolalia udongo mgumu, jembamba mara nyingi linakata mpaka chini na kupata pa kushika, wakati pana linaelea na kuteleza. Pana pia linakuwa zito zaidi na linavuta mafuta.

Kinachobadilisha alama ya tairi ardhini kuliko upana ni upepo. Ukipunguza presha, sehemu inayogusa chini inaongezeka, na inaongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, kama mnyororo wa kifaru cha vita. Usiamini maneno yangu, paka chaki. Chora mstari mnene wa chaki kukatisha uso wa tairi, sogeza gari mita chache kwenye sakafu ngumu, kisha angalia ilipofutika. Ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani tu, umepungua. Kisha toa upepo kidogo urudie, utaona alama ikitambaa.

Kwenye mchanga laini madereva wengi wazoefu huanzia karibu psi 18 na kushuka kidogo wakikwama. Ukishuka mno, tairi linaweza kutoka kwenye rimu unapokata kona. Kwenye changarawe hupunguza kiasi tu, ili mpira ujifinyange juu ya jiwe badala ya kuchanwa nalo. Katika hali zote mbili mwendo lazima ushuke, na upepo urudishwe kabla ya kurejea kwenye mwendo wa lami. Tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo mkubwa linajipika. Kwa hiyo pampu ndogo na geji ya kuaminika vitakusaidia kuliko tofauti iliyopo kati ya A/T la kwanza na la pili kwenye orodha yako. Presha pima tairi likiwa limepoa. Na ile presha kubwa iliyoandikwa ubavuni ni mpaka wa tairi, si ushauri kwa gari lako.

Kuongeza kimo

"Nipandishe kidogo tu," ndivyo wanavyosema. Haya, tutoke 265/65R17 twende 265/70R17. Kipenyo kinatoka kama milimita 776 hadi 803. Tofauti ni milimita 27, lakini ekseli inapanda nusu yake, milimita 13. Ni unene wa kidole. Kwa bei ya kidole hicho mshale wa mwendo unadanganya: ukisoma 100, na kama mshale ulikuwa unasema kweli tangu mwanzo, unakwenda kilomita 103. Gia zinakuwa nzito kidogo. Na usukani ukikata hadi mwisho, tairi linaweza kusugua madigadi, hasa gurudumu la mbele likiwa limepanda kwenye tuta. Mabadiliko madogo kama haya magari mengi huyavumilia. Ukizidi hapo, usiamue kwa macho.

Lingine la kulinda ni usawa. Gari ambalo 4x4 yake iko kazini muda wote linataka matairi manne yenye mzunguko sawa. Mawili mapya mbele na mawili yaliyochakaa nyuma yanaifanya difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ifanye kazi bila kupumzika, hata kwenye njia iliyonyooka. Kwa gari unaloingiza 4x4 kwa mkono, tatizo linakuja pale unapoiingiza.

Mwezi mmoja wa kuhesabu

Kabla ya kununua, andika mwezi mzima unakopita. Si kule unakotamani kwenda, unakopita. Nikiona daftari lenye lami siku 26 na changarawe siku 4, nitakwambia chukua H/T imara au A/T tulivu yenye chale nyingi, na hutakosa kitu zaidi ya sura. Nikiona changarawe kila siku, A/T halisi yenye mpira mgumu na ubavu wa matabaka 3 inaanza kuwa na maana. Tope zito kila wiki ya mvua? M/T, ukubali kelele na ukubali kusimama kwa mbali zaidi.

Weka pia hesabu ya kuchakaa. A/T jipya huwa na kashata za kina cha kama milimita 10 hadi 13. Nchi nyingi sheria inakuruhusu mpaka 1.6, lakini hiyo ni sheria ya lami. Kwenye tope A/T lililoisha nusu tayari ni H/T lenye jina la A/T.

Nunua matano. Spea ndogo au ya ukubwa tofauti chini ya gari la 4x4 ni ahadi ya kukwama mara ya pili. Yazungushe yote matano kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yachakae pamoja. Fundi akimaliza kufunga, kata usukani mwisho kulia na mwisho kushoto kabla hujalipa, usikilize kama kuna kinachosugua. Kisha baada ya kilomita 50 hadi 100 simama pembeni, toa spana, kaza nati zote tena.